Watu wa Wapi Hawa?

Kabla ya daraja la Mto Rufiji kufunguliwa mwezi wa Agosti mwaka 2003, msafiri aliyetoka Kiranjeranje kwenda Dar es Salaam alikuwa hana budi kuvuka mto kwa pantoni pale Ndundu, na masika yakikaza huenda akakaa hapo siku mbili tatu, kutwa kucha juu ya udongo mweusi unaonata, akingoja maji yapungue au lori lililozama mbele yake linasuliwe. Na katika kungoja huko ndiko marehemu mjomba wangu, aliyekuwa utingo wa malori ya ufuta na korosho, alikosikia kwa mara ya kwanza muziki ambao mpaka siku ya kufa kwake hakuupa jina jingine ila lile la wale watu wa gitaa wanaomtaja Yesu. Dereva mmoja wa bara alikuwa na redio kaseti juu ya dashibodi, na mlango wa lori ulikuwa wazi, na watu wasio na kazi ila kungoja hukisikiliza kila kinacholia.

Mjomba alikuwa Mwislamu wa sala tano, mtu wa maulidi na zikri, tena mshika dufu mwenye kusifiwa. Wala muziki ule haukumtoa katika dini yake hata kidogo. Kilichomshika, kama alivyonieleza mara nyingi, ni namna sauti ya mmoja ilivyotangulia ikafuatwa na kundi zima kwa kuitikia, jambo alilolijua tangu utotoni katika kaswida, na namna gitaa lilivyoingia katikati ya mwito na mwitikio likajibu nalo, kana kwamba ni mwimbaji wa tatu aliyechelewa kufika. Aliinunua kanda ile kwa dereva palepale. Ninayo hata leo: kasha lake la plastiki limepasuka pembeni, karatasi yake imepauka ikawa rangi ya chai ya maziwa, na katika picha watu wa kiume na wa kike wamesimama safu tatu wamevaa sare, na chini yao yameandikwa maneno Ulyankulu, Barabara ya 13, na anwani ya sanduku la posta la Tabora. Mjomba hakuirudisha nyuma kwa redio hata siku moja, kwa kuchelea kumaliza betri; alitia kalamu ya Bic katika tundu la kanda, akaizungusha hewani kwa kifundo cha mkono, taratibu, huku akizungumza mambo mengine.

Siku moja aliniuliza, "Mjomba, wewe umesoma. Hawa ni watu wa wapi?" Nikamwambia ni watu wa Tabora, kwa kuwa ndivyo ilivyoandikwa. Akatikisa kichwa. "Tabora nimelala. Wanyamwezi nawajua kwa sauti. Hawa si wao." Naye alikuwa amesema kweli, ijapokuwa mimi sikuijua kweli hiyo ila baada ya miaka mingi: Ulyankulu ni makazi yaliyofunguliwa katika mkoa wa Tabora kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Burundi kwa sababu ya mauaji ya mwaka 1972, na kwa kuwa makazi yale yalipimwa kwa barabara zenye namba badala ya vijiji vyenye majina, hata kwaya yao ilipata jina la namba.

Swali lile la mjomba nimelichukua kwa uzito kuliko maswali mengi niliyoulizwa na wenye elimu. Kwani kila nilipozidi kuichunguza historia ya uimbaji wa Kikristo katika pwani hii na bara yake, nilizidi kuona ya kwamba makundi yaliyoacha athari kubwa hayakuwa ya ukoo mmoja wala ya mji mmoja. Yalikuwa ni watu waliokusanywa, kwanza kwa dhiki na baadaye kwa hiari, kila mmoja akiwa amekwisha kuimba mahali pengine kabla ya kuimba hapo alipokutwa na wasikilizaji. Huko Marekani nako, ambako muziki wa gitaa zito wenye maneno ya Injili ulishika mizizi katika miaka ya 1970 kwa bendi kama Petra, aliyoiasisi Bob Hartman mwaka 1972, upo mfano wa namna hiyo: John Schlitt, aliyekuwa sauti ya Petra tangu mwaka 1986, na Billy Smiley, mmoja wa waasisi wa White Heart, walikutana baada ya kila mmoja kujipatia jina katika bendi yake, wakaunda kundi moja waliloliita The Union of Sinners and Saints, wakarekodi mahadhi matamu juu ya magitaa yanayonguruma. Lakini kwao kukusanyika kulikuja mwishoni mwa safari, watu wakiwa wamekwisha kutangaa. Kwetu sisi kukusanywa ndiko kulikokuwa mwanzo, na mwanzo wenyewe ulikuwa mchungu.

Kilwa Kivinje si mbali na Kiranjeranje. Mzee wa zamani alikwenda kwa miguu akarudi, na habari za soko lake hazikuhitaji kitabu ili zifike kwetu. Katika miaka ya 1860 bandari ile ilikuwa mlango mkuu wa biashara ya watumwa katika pwani yote ya Afrika ya Mashariki, na watu karibu 20,000 kwa mwaka walipitishwa hapo, Wayao, Wanyasa, Wamakua, Wangindo na wengineo, wengi wao wakipelekwa Unguja kuuzwa au kupitishwa kwenda mbele. Tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash alitia mkono mkataba wa kuifunga biashara hiyo baharini na masoko yake. Na siku ya Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa liliwekwa Mkunazini, mahali hasa lilipokuwa soko la Unguja. Watoto na watu wazima ambao manowari za Kiingereza ziliwatoa katika majahazi walikwisha kuwa wakikusanywa na wamisionari wa Kianglikana waliotumwa na vyuo vikuu vya Uingereza, wakawekwa Kiungani na Mbweni, na hapo ndipo ilipozaliwa kwaya ya kwanza ya namna ninayoisema: watu wasioelewana kwa lugha za mama zao, waliopotezana na mahadhi ya makwao, walioimba Kiswahili kwa sababu Kiswahili ndiyo lugha pekee waliyokutana nayo wote katika njia ya utumwa.

Aliyewafasiria nyimbo hizo kwa wingi ni Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 na kuwa askofu mwaka 1874, mtu aliyeipenda lugha hii akaiandikia kitabu cha mafunzo kabla wengi wa Wazungu hawajaisikia. Hata hivyo lahani zilikuwa za Ulaya, na hapo palikuwa na tatizo ambalo hata Steere hakuweza kuliondoa. Neno la Kiswahili hukaza sauti katika silabi ya pili kutoka mwisho, na kanuni hiyo haibadiliki hata neno lirefushwe namna gani; lahani za Kiingereza, kwa upande wake, mara nyingi huishia mstari kwa noti nzito juu ya silabi ya mwisho kabisa. Basi mwimbaji aliyefika mwisho wa ubeti kwa neno mwokozi alilazimishwa kuikandamiza ile zi, wakati ulimi wake wote unataka kutua juu ya ko. Jaribu kulitamka kwa sauti utaona. Jambo hili laonekana dogo, nalo ni kubwa, maana mtu anayeimba neno kwa mkazo usio wake huimba kama mgeni katika kinywa chake mwenyewe. Na kwa miaka mia moja Wakristo wa nchi hii waliimba hivyo, wakavumilia, na wengine wakapenda, mpaka wakatokea watu wa kulisawazisha.

Mwaka 1876 Steere alichukua zaidi ya watu 50 miongoni mwa wale waliokombolewa, akashuka nao Lindi, akiwa na nia ya kuwafikisha karibu na ziwa la Nyasa walikotoka wengi wao. Hawakufika. Walipoufikia mji wa Masasi waliona ardhi njema na maji, wakataka kukaa hapohapo, naye akawaridhia. Nafikiri mara nyingi juu ya msafara ule: watu waliopelekwa pwani kwa minyororo wanarudi bara kwa hiari yao, na katika vitu wanavyorudi navyo ziko nyimbo. Masasi ikawa kitovu cha kwaya za kusini, na hata baada ya misheni ile kuchomwa moto katika vita vya Majimaji mwaka 1905, vita vilivyoanzia katika vilima vya Umatumbi hapa Kilwa kwetu, ilijengwa tena na uimbaji ukaendelea.

Lakini ala za muziki ziliingia kwa mlango mwingine. Upande wa Mombasa, ndugu zao hao waliokombolewa walikusanywa katika mji wa Freretown, ulioanzishwa mwaka 1875 na kupewa jina la Bartle Frere, na kengele yake iko mpaka leo Kongowea kando ya njia. Wamisionari wa huko waliwafundisha watu wao kupiga matarumbeta kwa safu, na vijana wa Mombasa na Lamu, Waislamu watoto wa Waislamu, walipoyaona na kuyasikia hayo, pamoja na yale ya wanajeshi wa manowari, waliyachukua wakayageuza kuwa mchezo wao wenyewe, ule ulioitwa beni. Vyama vya beni vya Marini na Arinoti vikashindana kwa sare, kwa vyeo, kwa maandamano na kwa nyimbo za kupigana vijembe. Na Vita Kuu ya kwanza ilipowakusanya askari na wapagazi kutoka pande zote, beni ilienea nao hadi mijini kote Tanganyika, Lindi ikiwamo. Ndivyo kundi la Kikristo la watu waliokombolewa lilivyokuwa, bila kukusudia, miongoni mwa wazazi wa ngoma ya mji iliyochezwa na watoto wa madrasa. Sijui mfano bora zaidi wa kuonyesha kuwa pwani hii haikuwahi kuweka ukuta kati ya ala na ala.

Na hapa sina budi kusita kidogo kwa ajili ya mti mmoja. Katika misitu ya Kilwa hukua mpingo, na yeyote aliyeuona ukipasuliwa hausahau: nje una pete nyembamba ya rangi ya samli, kisha ghafla, bila ya mpaka wa kufifia, ni mweusi wenye wekundu wa zambarau ndani yake, mzito hata ukitiwa majini unazama. Huchukua miaka 70 na zaidi kufaa kuvunwa. Mti huu ndio mafundi wa Ulaya wanaouchagua kwa klarineti na oboi, kwa kuwa haupasuki upesi kwa unyevu wa pumzi ya mpigaji, na sauti hupita ndani yake safi. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi, vyote vya wilaya yetu, vilipata cheti cha kimataifa cha utunzaji wa misitu yao kwa msaada wa shirika la mpingo lililoko Kilwa Masoko, na tangu hapo wanavijiji wameuza magogo kwa bei ambayo baba zao hawakuiota. Wakati wa babu zetu mpingo uliondoka bila ya kuhesabiwa, ukarudi ukiwa umetobolewa matundu na kufungwa vishikizo vya fedha, katika mikono ya wapigaji wa bendi.

Kutoka beni ukazaliwa muziki wa dansi, na hapa jina la wilaya yetu lilipaa. Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande ilikuwa miongoni mwa bendi zilizopendwa sana Dar es Salaam wakati wa kuelekea Uhuru na baada yake. Na mwaka 1964 chama cha wafanyakazi kilipounda NUTA Jazz, kilifanya kwa kuwachukua wapigaji na waimbaji mahodari kutoka bendi nyingine, akiwamo Muhidini Gurumo aliyekuwa amepitia Kilwa Jazz. Haikuwa bendi ya dini, wala sitaki kuifanya hivyo. Naitaja kwa kuwa ndiyo iliyowazoeza wasikilizaji wa nchi hii kuamini kwamba kundi la watu waliochaguliwa kutoka makundi mengine laweza kuwa na roho moja.

Kanisani mambo yalikwenda polepole zaidi. Ngoma ilikatazwa mlangoni kwa muda mrefu, na katazo hilo, naliandika kwa huzuni, liliwafanya Wakristo wengi wa kwanza waone haya juu ya kitu walichozaliwa nacho. Padre Stephen Mbunga wa upande wa Songea ndiye aliyesimama kwa elimu kuujibu mzozo huo: alitunga misa ya Kiswahili kwa mahadhi ya Kibantu, Misa Baba Yetu, na mwaka 1963 kikachapwa kitabu chake kinachoonyesha, kwa sheria za Kanisa lenyewe, kwamba muziki wa Kibantu una haki ya kuingia madhabahuni. Mwezi wa Disemba wa mwaka huohuo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa waraka wake juu ya liturujia, ukafungua mlango kwa lugha na muziki wa kila taifa. Ile zi ya mwokozi ikapata kupumzika.

Lakini albamu ya kwanza iliyoubeba muziki huu mpaka masikioni mwa dunia haikutoka kwetu Tanganyika, ilitoka Kamina, katika Katanga, nchi ya Kongo ambako Kiswahili kinasemwa sokoni na shuleni. Padre Guido Haazen, Mfransisko wa Kibelgiji, aliwakusanya wavulana wapatao 45 na walimu kama 15 wa shule ya hapo, akawaita Troubadours wa Mfalme Baudouin, na tarehe 23 Machi 1958 misa yao, Missa Luba, iliimbwa kwa mara ya kwanza palepale Kamina. Kisha wakaenda Ulaya, kampuni ya Philips ikairekodi mwaka huohuo. Maneno yake ni yaleyale ya misa ya Kilatini iliyotumika Roma. Lahani zake hazikuandikwa na mtu: waimbaji waliyatia maneno yale katika mahadhi waliyoyajua, sala ya kuomba huruma wakaiimba kwa namna ya Waluba ya kuomboleza, na Sanctus kwa namna ya wimbo wa kuagana. Ukiisikiliza leo utasikia sauti moja nyembamba ya mwanamume ikipanda juu ya ngoma peke yake, bila ya haraka, na kundi likiingia chini yake kama maji ya kupwa yanayorudi kujaa. Mwaka 1968 Sanctus hiyo ilitiwa katika sinema moja ya Kiingereza, If...., na vijana wa London wakainunua kwa sahani.

Kenya nayo ilipata kundi lake la kukusanywa. Boniface Mganga aliwachukua waimbaji wa kwaya mbalimbali akaunda Muungano National Choir, jina ambalo lasema lenyewe, na mwaka 1990 Philips ileile ikatoa albamu yao ambamo waliiimba tena Missa Luba, wakifuatisha nyimbo za Kenya. Misa iliyoanzia katika vinywa vya watoto wa Kamina bila ya karatasi, sasa ilifika Nairobi ikaimbwa na watu wazima waliojifunza.

Na sasa narudi kwa kanda ya mjomba, kwa kuwa ndiyo iliyoniita katika habari hizi. Katika miaka ya 1980 na 1990 kwaya za Tanzania ziliweka kando kinanda cha upepo, zikachukua magitaa ya umeme, la solo, la rithimu na la besi, pamoja na kinanda cha umeme na ngoma za kizungu, zikauchukua mtindo wa sebene wa Wakongo, ule ambao wimbo ukifika kati huachia maneno na gitaa la solo likashika njia peke yake, likirudia sentensi fupi mpaka miguu isiweze kutulia. Kanda ilikuwa na upande A na upande B. Ilinunuliwa kanisani, stendi, sokoni, na iliponunuliwa moja zilinakiliwa kumi, maana mashine ya kanda mbili ilikuwa katika kila kibanda. Watungaji waliumia sana kwa kunakiliwa huko, na sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 ilikuja wengi wao wakiwa wamekwisha kuchoka kudai. Hata hivyo, kuenea huko kwa kanda ndiko kulikoifikisha Ulyankulu Kiranjeranje, kijiji cha Wamachinga, Wamwera na Wangindo, chenye misikiti na ambapo kanisa ni la kutafuta; na sidhani kuwa kwaya ile iliwahi kujua kwamba kando ya Mto Rufiji, katika tope la Ndundu, watu waliovaa kofia za viua waliwahi kusimama kimya kuwasikiliza.

Nyimbo zile zilitungwa na watu waliokimbia makwao wakiwa na watoto mgongoni, wakapewa ekari chache za pori na namba ya barabara. Kutoka makanisa ya Burundi yaliyotawanyika walikutana wageni kwa wageni, kila mmoja na sauti aliyoizoea kwao, na kama wale wa Mbweni miaka mia moja kabla yao, waliimba kwa Kiswahili, lugha waliyoikuta. Wimbo wa upande wa kwanza wa kanda yangu waanza na besi peke yake, mapigo manne, kisha sauti ya mwanamke, kisha wote. Na katika pumziko la kwanza, ukikaza sikio, wasikika mlango ukifungwa mahali fulani nyuma ya waimbaji.

Mwaka 2014 serikali ilianza kuwapa vyeti vya uraia wa Tanzania wakimbizi wale wa 1972 na watoto wao, watu 162,000 na zaidi, wengi wao wakaazi wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Mjomba hakuwahi kuisikia habari hiyo. Alikuwa amekwisha kuzikwa Kiranjeranje, chini ya mikorosho yake, na kalamu ile ya Bic niliikuta ndani ya kasha la kanda, imechomekwa katika tundu la kushoto, kanda ikiwa imerudishwa mpaka mwanzo.